Kichwa cha habari kisiifiche habari

Asubuhi kwenye kibanda chochote cha magazeti, iwe Kariakoo au stendi ya mkoani, utakuta watu wamesimama wakisoma kurasa za mbele bila kununua. Wapo wanaowaona hao kama wasumbufu. Kwangu ndio wasomaji muhimu kuliko wote. Wana haraka, hela iliyopo mfukoni imeshapangiwa nauli na chai, na kilicho mbele yao ni kichwa cha habari tu. Imani iliyoenea katika vyumba vyetu vya habari ni kwamba mtu huyo umfiche jambo ili alipe ndipo alijue. Nashikilia kinyume chake: mpe habari pale pale kwenye kichwa, waziwazi, na atakayetaka undani wake atanunua.

Chukua mfano wa bajeti. Tarehe 15 Juni 2023, Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alisoma bungeni Dodoma bajeti ya mwaka 2023/24, na ndani yake mlikuwa na pendekezo la tozo ya shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji. Jiweke kwenye nafasi ya mhariri msanifu jioni ile, muda wa kupeleka ukurasa mtamboni unayoyoma. Kwa mazoea mtu ataandika "Bajeti ya maumivu". Kichwa hicho kinakaa juu ya bajeti ya mwaka wowote, wa waziri yeyote, katika nchi yoyote. Ukijitahidi kidogo utapata "Serikali yapendekeza tozo ya Sh20 kwa kilo ya saruji". Ni kweli tupu, lakini nani anakwenda dukani kununua saruji kwa kilo? Watu hununua mfuko, na mfuko una kilo 50. Piga hesabu, kisha andika: "Mfuko wa saruji kutozwa Sh1,000".

Hapo mtu ambaye nyumba yake imeishia kwenye linta hawezi kupita. Ameshaanza kuzidisha kwa idadi ya mifuko aliyobakiza. Anataka kujua tozo inaanza lini, kama Bunge linaweza kuipunguza, kama wenye maduka wataongeza na ya kwao juu yake. Majibu yako ndani ya gazeti. Aliyeandika kichwa hakumficha chochote, amempigia hesabu tu. (Bajeti hiyo hiyo ilikuwa na pendekezo la shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli. Hilo halikuhitaji hesabu, maana mafuta tunanunua kwa lita.)

Angalia pia kitenzi. Nimeandika "kutozwa", sikuandika "watozwa", kwa sababu usiku ule lilikuwa bado pendekezo. Kiswahili kimetupa utaratibu mzuri sana kwa kazi hii. "Yanga yaichapa Simba": neno moja la katikati limebeba aliyetenda, tendo na aliyetendwa. "Yachapa" ni jambo lililokwisha, "kuchapa" ni jambo linalokuja, na msomaji wa Kiswahili anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Ndiyo maana inaniuma ninapoona mhariri ameliacha neno "adaiwa" kwa sababu safu ni nyembamba. "Amuua mkewe" na "Adaiwa kumuua mkewe" ni habari mbili tofauti. Ya kwanza imeshamhukumu mtu ambaye hakimu hajamsikiliza, na akiachiwa huru baadaye, majirani wataendelea kukumbuka ukurasa wa mbele. Kama nafasi haitoshi, punguza ukubwa wa herufi.

Vitenzi vingine vimechakaa. Siku hizi mtu akijibu swali lolote "amefunguka". Akisema jambo ambalo kila mtu analijua, "ameibua mazito". Maneno haya yalikuwa na nguvu yalipotumika kwa nadra, sasa yanapita bila kumshtua hata mtoto. Ukijua alichosema mtu, kiandike hicho hicho alichosema.

Kumwekea mtu maneno ambayo hakuyasema kuna hatari yake, na haihitaji kusimuliwa kwa mafumbo. Agosti 2021 gazeti la Uhuru, linalomilikiwa na chama tawala chenyewe, CCM, lilisitishiwa leseni kwa siku 14 kwa habari iliyobebwa na kichwa "Sina wazo kuwania urais 2025 – Samia". Watu wanaweza kubishana kuhusu uzito wa adhabu, na mimi siamini kwamba kufunga gazeti ni njia ya kusahihisha kosa. Ila somo la kiuandishi liko wazi: ukiweka jina la mtu baada ya kistari, maneno yaliyotangulia yawe yametoka kinywani mwake. Wengi hawafiki aya ya pili. Picha za kurasa za mbele huzunguka WhatsApp kabla jua halijachomoza, redio zinasoma vichwa, na mjadala wa siku unaanzia hapo. Kichwa kinapaswa kuwa kweli hata kikibaki peke yake.

Michezo nayo ina sheria yake. Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5-1. Kesho yake, hakuna mpenzi wa soka nchini aliyehitaji gazeti kumwambia matokeo. Kichwa cha asubuhi hiyo kilipaswa kusogea mbele: nini kinafuata Msimbazi, makao ya Simba, na nani anawajibika. Siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha Robertinho.

Mitandaoni ndiko tabia ya kuficha imeota mizizi: "Huwezi kuamini alichokifanya msanii huyu", "Tazama kilichotokea". Facebook ilitangaza mwaka 2014 kwamba itavishusha vichwa vya namna hiyo, kwa kuangalia kama watu wanabofya kisha wanarudi haraka. Huyo anayerudi haraka ametapeliwa bando lake, na bando ni pesa.

Na kile kichwa kinachomalizikia kwa alama ya kuuliza, "Je, waziri kujiuzulu?", nakiomba kiondoke kabisa kwenye kurasa za mbele. Mwandishi akiwa na ushahidi, aandike kwamba waziri anajiuzulu. Kama hana, apige simu wizarani kwanza.