Namba inayokwama kwenye hatua ya 26

3608528850368400786036725. Isome kuanzia kushoto, taratibu. Tarakimu mbili za mwanzo ni 36, inagawanyika kwa 2. Tatu ni 360, inagawanyika kwa 3. Nne, 3608, kwa 4. Ruka hadi saba: 3608528 ukiigawa kwa 7 unapata 515504, hakuna baki. Mwendo ni huo huo mpaka namba nzima, yenye tarakimu 25, igawanyike kwa 25. Hiyo ya mwisho haihitaji hata kalamu, maana inaishia na 25.

Wapo wanaoona mambo haya ni michezo tu. G. H. Hardy, mwanahisabati Mwingereza, mwaka 1940 aliitaja 8712, ambayo ni mara 4 ya 2178, yaani yenyewe ikigeuzwa. Akasema vitu vya namna hiyo vinafaa safu za mafumbo, mwanahisabati hana cha kupenda humo. Kwa 8712 namuunga mkono. Kwa hii ndefu, hapana, kwa sababu ukiiuliza kwa nini inaishia hapo, inajibu.

Namba hizi hukua kwa kubandikwa tarakimu kulia, na una chaguo kumi tu, 0 hadi 9. Mwanzoni chaguo ni tele: kugawanyika kwa 4 ni rahisi, kila mara utapata tarakimu mbili au tatu zinazokubali. Ndiyo maana zinaongezeka, kutoka 9 za tarakimu moja hadi 2492 za tarakimu tisa. Kwenye ya kumi ni sifuri pekee inayokubali, hivyo zinabaki 2492 vile vile (hapa ndipo mimi huwa nachekelea peke yangu). Baada ya hapo ni mteremko. Kugawanyika kwa 11 kuna wakati hakuna tarakimu hata moja inayofaa, na kadiri unavyosonga ndivyo zinavyozidi kukosekana: 2225, 2041, 1575... Kwenye tarakimu 21 zimebaki 18, kwenye 24 tatu, kwenye 25 moja.

Ijaribu hiyo moja. Ibandike 0, uigawe kwa 26: baki ni 12. Ili igawanyike unahitaji kuongeza 14, na tarakimu kubwa kuliko zote ni 9.

Atakayesema yote haya yametokana na sisi kuhesabu kwa makumi, sawa. Tungehesabu kwa kumi na mbili namba ingekuwa nyingine, ila mteremko ungekuwepo, umesogea mbele kidogo tu.

Ukitaka kuhakiki, achana na kikokotoo cha simu, vingi vitaikadiria badala ya kukupa namba kamili. Chukua karatasi, anza na 3608528850368 kwa 13. Jibu ni 277579142336.