Bwana Harusi wa Nyuma ya Zabibu

Baba mdogo alitoka Dar na kamera mpya shingoni, akatangaza mbele ya kamati kwamba kukodi mpiga picha ni kutupa hela. Kamati ikapiga makofi. Bwana harusi nani amuulize?

Tukapelekwa Mpunguzi, Dodoma, kwenye shamba la zabibu, saa saba mchana. Agosti hiyo, mavuno. Upepo unakata, jua la utosini, na mchanga nao unarusha mwanga machoni.

"Baba mdogo, weka tu oto, kamera ijipange yenyewe," shemeji akamshauri.

"Oto ya watoto!"

Akafungua tundu la lenzi mpaka f/1.8, yaani wazi kabisa, maana alisikia ndiyo inayoleta ule ukungu mzuri nyuma. Hakusikia kwamba kwa namba hiyo, kitu kikiwa karibu, kinachokaa kwenye fokasi, kikaonekana kwa ukali, ni kama upana wa vidole viwili tu. Na kamera, ikiachwa ichague yenyewe pa kulenga, hukimbilia kilicho mbele. Mbele yetu kilining'inia kichala. Kila akibofya anafunika skrini kwa kofia, anachungulia: "Imetoka kali!" Kwa jua lile hata angepiga mbuzi asingejua.

Jioni tukajaa sebuleni, soda mkononi, kompyuta mezani. Picha ya kwanza: zabibu, vumbi juu ya ganda unalihesabu chembe kwa chembe. Nyuma yake madoa mawili. Shela la kukodi limekuwa la kijivu kama mfuko wa saruji, na mimi na suti yangu nyeusi nimebaki meno. Kumbe weupe ukiijaza fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, inaukata. Dawa yake ni kitufe cha +/-, unaongeza moja hivi, basi. Baba mdogo alikikumbuka katikati ya shughuli. Akaongeza tatu.

Kundi la pili, bibi harusi hayupo. Kuna nywele, kuna shada la maua, katikati weupe mtupu. Mimi nimekumbatia mwanga, natabasamu.

Mama mkwe akarudi kwenye zile za kwanza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hivi binti yangu kaolewa na nani?"

"Subiri mama, hizi za mbele mkweo anaonekana."

"Na hizo za mbele binti yangu yuko wapi?"

Picha moja tu tulionekana wote. Kisulisuli kilipita, baba mdogo akajaa mchanga machoni, akamshikisha shemeji kamera. Shemeji akaweka oto, akabofya. Safi kabisa, kope zinahesabika. Ila shela upepo ulikuwa umenivisha mimi.

Ile ya kwanza aliiomba mwenye shamba. Kaichapisha kubwa, kaitundika kwenye kibanda chake barabarani, na biashara inakwenda. Juzi nimesimama pale, mteja mmoja akanyoosha kidole: "Hicho cheusi huko nyuma nini, nguzo?"

Mwenye shamba akanitazama, akaendelea kunipimia kilo yangu.

"Nguzo," akasema.