Betri Isingiziwe Mpaka Lini?

Hakuna kifaa kinachosingiziwa hapa Tanga kama betri. Chombo kikikugomea kuwaka, hujashuka hata kwenye kiti, ameshasimama mtu pembeni na kikombe chake cha kahawa: "Betri hiyo." Hajagusa, hajapima, hajauliza. Akishatoa hukumu anarudi barazani kwake, anaagiza kashata.

Chombo chenyewe ni dude la pikipiki la magurudumu manne, Honda ya miaka ile ambayo simu ya mkononi ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Nililitoa kwenye hoteli moja ya ufukweni upande wa Pangani, walikuwa wakiwapandishia watalii mchangani wapate kupiga kelele. Mimi shida yangu si kelele. Nina minazi Kigombe, na masika yakishika, njia ya kutoa nazi shambani haitaki bajaji, haitaki bodaboda, na punda wa kukodi anakuja siku anayotaka mwenyewe. Kigombe hiyohiyo ndiko wavuvi wamewahi kumtoa silikanti baharini, samaki ambaye wataalamu walikwishamhesabu marehemu wa mamilioni ya miaka mpaka alipoibuka Afrika Kusini mwaka 1938. Kufufuka kwetu si jambo geni. Nikajua na dude litafufuka tu.

Ila kitu chenye waya, bwana we, kikishaishi ufukweni kina mambo yake. Watalii walirudi kwao zamani, chumvi ikabaki. Na chumvi haina haraka. Inaingia pale waya ulipofungwa, inapanda taratibu ndani ya ngozi ya plastiki, inaila shaba. Nje waya unang'aa, unaupapasa unauona mzima. Ndani ni ungaunga wa kijani.

Basi unafungua ufunguo, taa ya nyutro inawaka vizuri, kijani safi. Unabonyeza stata: "ta!" Unabonyeza tena: "ta!" Hapo ndipo baraza zima linapopata kazi. Wa kwanza: betri. Wa pili: plagi, ile ya kutoa cheche. Sasa plagi inaingiaje, ndugu yangu, wakati injini yenyewe haijazunguka hata nusu? Wa tatu, mzee wa reli mstaafu, akasema petroli ya siku hizi haina nguvu. Shikamoo mzee.

Shemeji yangu ni mtu wa vitendo. Akaondoka, akarudi na betri mpya kwenye boksi lake, akaifunga mwenyewe, akajifuta mikono, akabonyeza: "ta!" Mlio uleule, wala haukubadilika sauti. Akaitazama betri, akalitazama boksi. "Hizi feki zimejaa sana mjini," akasema. Ona. Betri haina hata saa moja kwenye kazi, imeshachafuliwa jina.

Akaitwa fundi wa bodaboda. Kijana ana mikono myepesi, hilo simnyimi. Kiti kilitoka kabla sijamaliza salamu. Chini ya kiti tukakuta kiota cha panya, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa vizuri kuliko anavyochambua mtu, na waya mmoja umeng'atwa ukabaki unaning'inia, mweusi. Fundi akaushika.

"Mzee, huu hasi. Mweusi siku zote hasi. Unaenda kwenye bodi."

"Una uhakika, fundi?"

"Mzee, mimi hizi nafunga usiku bila taa."

Akaufunga kwenye bodi, yaani chuma cha dude chenyewe, ambacho ndicho njia ya hasi. Akazungusha ufunguo. "Pu!" Fyuzi imekwenda. Akaweka nyingine, nayo ikaenda. Kwenye Yamaha angekuwa sahihi kabisa, pale mweusi ndio hasi. Kwenye Honda hasi ni kijani, na mweusi ndio unaobeba moto, yaani chanya, kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Kwa hiyo alichokuwa amekifanya ni kuuchukua moto na kuukabidhi bodi mkono kwa mkono. Shoti ya kujitengenezea.

Na hapo bado. Fyuzi zilipomwishia, akachomoa uzi wa shaba kwenye kipande cha waya, akauzungushia pale penye fyuzi. Nikauzuia mkono wake haujafika kwenye ufunguo. Fyuzi kazi yake ni kufa ili waya zisife. Ukiweka shaba pale, wa kwanza kufa ni waya zote, akifuatiwa na kiti, halafu mwenye nyumba anakuja kuuliza moshi wa nini. Nikamshukuru, nikampa nauli. Akataka na ya kufungua kiti.

Nikaenda kununua mita, ile ya njano yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kuirudisha nyumbani ilikuwa mtihani wa pili, maana kila mtu anataka kupima. Mtoto wa jirani alijipima ulimi, namba zikatokea, akaondoka kuwatangazia wenzake kwamba ana umeme.

Kwanza mweusi wa fundi nikautoa kwenye bodi, nikaurudisha kwa mwenzake mweusi, nikaweka fyuzi. Betri ikasoma volti 12.6, ambayo ni afya njema ya betri iliyojaa. Nikaiacha mita palepale nikabonyeza stata. Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye siri. Stata inakula umeme mwingi. Betri mbovu ukiibonyezea, namba inaporomoka, inaweza kwenda chini ya 9. Yangu ikabaki 12 na ushee. Yaani betri haijaulizwa kitu! Imekaa na mzigo wake, inangoja kuagizwa, huku nje inatukanwa.

Nikahamisha mita: ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Pale, ukibonyeza stata, inatakiwa namba ikae karibu na sifuri. Ikipita nusu volti una jambo. Nikabonyeza. Ikaruka mpaka 10. Karibu umeme wote umekwama kwenye waya mmoja mfupi wa hasi unaotoka betri kwenda injini. Taa ya nyutro inaomba umeme kidogo sana, ule unapenya hata kwenye uchafu, ndiyo maana inawaka na kuwadanganya watu.

Boliti iliyoushika waya huo ilikuwa namba kumi, imeshikana kwa kutu na rangi ambayo hoteli ilipaka juu yake, ile rangi ya kupendezesha kabla ya kuuza. Nikaitoa kwa maneno na mafuta ya taa. Nikauchana waya kwa wembe: unga wa kijani ukadondoka kwenye kanga ya mama watoto, ambayo sikuwa nimeambiwa ni mpya. Nikapiga msasa chuma mpaka kikameta, nikafunga waya mnene mpya, grisi juu yake kuzuia chumvi.

Likanguruma. Kuku wa jirani wakahama ua.

Na unajua nani alikuwa wa kwanza kufika? Yule yule wa kikombe. "Si nilikwambia ni umeme?" Hakuwahi kutaja umeme maisha yake yote! Shemeji naye anataka kurudisha betri dukani kwa kuwa "haikuhusika".

Nikadhani yamekwisha. Nikapima chaji injini ikiwa juu, inatakiwa isome 14 na kidogo. Ikasoma 15.8. Hapo reguleta, kile kidude cha kuzuia chaji isizidi, imechoka, haizuii tena, inaipika betri polepole, na ikishapikika kuna mtu mmoja barazani atafurahi mwaka mzima. Ikabidi nianze kuzunguka madukani Ngamiani, barabara kwa barabara. Ya bodaboda ipo. Ya bajaji ipo. Ya dude, wananitazama mimi na jua. Mmoja tu ndiye aliyenionea huruma, akaniwekea ya bajaji juu ya kaunta.

"Hii inaingia, ami. Tunabadilisha waya kidogo tu."

"Waya upi?"

"Tunaanza na huu mweusi, unaenda kwenye bodi."