Mkopaji alindwe yeye mwenyewe, si mlango alioingilia

Shangazi yangu anauza mchele Mbagala. Katika wiki moja ya mwezi uliopita aliweka akiba katika kikundi chake cha VICOBA, akapeleka rejesho kwa kampuni ya mikopo iliyo mtaa wa pili, kisha akaenda benki kutoa fedha za kununulia mzigo. Yeye anajijua kuwa mtu mmoja mwenye mfuko mmoja, lakini taratibu zetu za fedha zinamhesabu kuwa wateja watatu, na kila mmoja wao ana kinga ya aina yake.

Chanzo ni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyowapanga watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS (vyama vya ushirika wa akiba na mikopo), na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Benki Kuu ya Tanzania inayasimamia yenyewe madaraja mawili ya kwanza, SACCOS zimekabidhiwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi viko chini ya halmashauri. Siupingi mpango huu, kwa sababu kabla yake wakopeshaji wengi wa mitaani hawakuwa na msimamizi yeyote, na hakuna haki ya kukidai kikundi cha akina mama thelathini kiandike hesabu kama benki. Ninachokipinga ni kwamba kinga ya mteja nayo imegawanywa kwa kufuata madaraja hayo hayo.

Chukua akiba. Fedha za shangazi zilizoko benki zina bima ya Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 7,500,000, kiwango kilichopandishwa kutoka 1,500,000. Fedha zake za kikundi hazina bima hiyo, ingawa ndizo anazozitegemea kulipa ada ya mtoto mwezi Januari. Upande wa mkopo, mkopeshaji wa daraja la pili amewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, jambo jema, lakini mkopaji anayetozwa ada ya fomu, ada ya usimamizi na faini ya kuchelewa hana namna rahisi ya kujua kama ukomo huo umeheshimiwa. Ndiyo maana jina la "kausha damu", yaani mikopo inayomnyonya mkopaji, halijatoweka midomoni mwa watu.

Uingereza imeanzia mahali pengine, kwa kuuliza kwanza mteja ni nani. Katika uwekezaji, mtu wa kawaida hupewa ulinzi mkubwa kuliko mteja mtaalamu, na anayetaka kuhesabiwa mtaalamu kwa hiari yake lazima apimwe ujuzi wake na, kwa kawaida, atimize angalau masharti mawili kati ya matatu yanayohusu wingi wa miamala, ukubwa wa mali anazowekeza na uzoefu wa kazi katika sekta ya fedha. Hata biashara ndogo yenye mauzo yasiyofika pauni milioni 6.5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 50 inaweza kupeleka malalamiko yake kwa msuluhishi huru wa huduma za fedha, kama afanyavyo mtu binafsi. Mama lishe wetu angefaidika sana na fikra hiyo, kwa kuwa mkopo wake huandikwa kuwa wa biashara ilhali fedha ile ile hununua dawa na sare za shule.

Hata hivyo, kipimo cha utajiri peke yake nakihofia. Marekani kwa miaka mingi ilimhesabu mtu binafsi kuwa mwekezaji anayeweza kujilinda kwa kuangalia hasa kipato cha dola 200,000 kwa mwaka au mali ya dola milioni moja bila nyumba anayoishi, na mwaka 2020 tu ndipo vyeti vya taaluma vikaanza kukubaliwa. Mwalimu mstaafu aliyepokea kiinua mgongo jana ana fedha nyingi kuliko alizowahi kushika maishani, na huenda siku hiyo ndiyo anayohitaji ulinzi kuliko siku nyingine yoyote.

Wapo pia wanaoumizwa na mkopo ambao hawakuuchukua. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Malalamiko makubwa dhidi ya programu za aina hii yalikuwa kuwapigia simu ndugu na marafiki wa mdaiwa na kumtangaza mbele yao. Hao wote hawakuwa wateja wa mtu, ingawa leo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawapa pa kushika.

Mdhamini ndiye ninayemwonea uchungu zaidi. Jirani aliyemdhamini shangazi alitia saini akiwa amesimama mlangoni, hakupewa nakala ya mkataba, na siku rejesho lilipochelewa alipata habari kwa kuona watu wamekuja kuitazama friji yake. Ningetaka kanuni zimtambue mtu huyu kuwa mteja kamili: apewe nakala kwa Kiswahili, aarifiwe tangu rejesho la kwanza linapokosekana, na malalamiko yake yapokelewe Benki Kuu kwa jina lake mwenyewe, bila kumsubiri mkopaji aende kulalamika kwa niaba yake.