Kichujio kinachomtaka mtumaji ajithibitishe

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Barua pepe ya mtu asiyejulikana huzuiliwa, mtumaji hutumiwa ujumbe wa kumtaka athibitishe, na akijibu barua hupita na anwani yake huingia kwenye orodha ya wanaoaminika. Wanaoutetea wana hoja: barua taka nyingi hutumwa na mashine zisizosoma majibu, kwa hiyo kikasha hubaki safi bila kubahatisha maneno gani ni ya kitapeli.

Matatizo hujitokeza unapobadilisha programu ya seva ya barua, kama vile qmail, Postfix au Exim. Chukua TMDA, programu ya siku nyingi ya kazi hii. Anwani ya kuthibitishia huundwa kwa kuongeza maneno baada ya jina la mpokeaji, kabla ya @. Kwenye qmail kinachotenganisha jina na maneno hayo kwa kawaida ni kistari. Postfix hufuata alama iliyowekwa kwenye mpangilio wa recipient_delimiter, ambayo wengi huiwekea alama ya kujumlisha. Ikiachwa wazi, haitenganishi chochote. Exim nayo lazima ielekezwe kupitia mpangilio wa local_part_suffix. Ukihama bila kugusa hapo, mtumaji anathibitisha vizuri kabisa, kisha anaambiwa mpokeaji hayupo. Watu hukesha wakipekua kichujio, kumbe jibu halikukifikia. Anza na kumbukumbu za seva.

Vichujio viwili vikikutana, kila kimoja huzuia swali la mwenzake la kutaka uthibitisho, na barua hukaa palepale bila wenyewe kujua. Mwongozo wa RFC 3834 wa mwaka 2004 unasema jibu la mashine lisitumwe kwa ujumbe wenye anwani tupu ya kurudishia, na unapendekeza libebe kichwa cha Auto-Submitted, yaani mstari unaoonyesha kuwa limetumwa na mashine. Usanidi wa ovyo hupuuza yote mawili. Halafu kuna misimbo ya kuingilia akaunti, ambayo hutumwa na mashine: nani atabofya kuithibitisha?

Hayo yanarekebishika. Lisilorekebishika kirahisi ni kwamba matapeli hughushi anwani, hivyo swali lako humfikia mtu asiyehusika, naye ana haki ya kuliita barua taka. Seva yako inaweza kuishia kwenye orodha nyeusi kwa kujilinda tu.

Kwa maoni yangu, swali litumwe pale tu SPF au DKIM, njia za kuhakiki barua imetoka wapi, inapothibitisha kikoa cha mtumaji. Barua za kughushi zikataliwe wakati seva zingali zinazungumza, kabla hazijapokelewa. Asiyeweza kupanga hivyo ni heri akizime kichujio chake.