Maganda ya matoke yana mwenyewe

Jana asubuhi jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, alinisubiri mlangoni pa chumba cha mapipa, kavera langu, yaani mfuko wa plastiki, mkononi. Ndani mlikuwa na maganda ya matoke niliyopika Jumapili. Akanieleza kwa upole kwamba hapa Linköping mabaki ya chakula hufungwa kwenye mfuko wa kijani, maana mashine ya kuchambua inatambua rangi. Niliona aibu, halafu nikakasirika. Miaka sita nipo Sweden na bado nafundishwa namna ya kutupa maganda, mimi niliyelelewa Walukuba, Jinja, nchini Uganda, nyumba ambayo ganda halikutupwa.

Hasira ilinitoka kituoni, basi lilipofika. Mabasi mengi ya mji huu yanatembea kwa bayogesi, na mifuko ile ya kijani ni sehemu ya chakula cha gesi hiyo. Mabaki yanasagwa na kufungiwa ndani ya tangi lisiloingia hewa, vijidudu vinayala, gesi ya methani inatoka, inasafishwa, inashindiliwa kwenye mitungi ya basi. Tope linalobaki linarudi shambani kuwa mbolea.

Nimekaa na jambo hili tangu jana. Kitu ambacho wenzetu wanacho na sisi, kwa nionavyo, hatuna ni jina lililo wazi la ganda katika sheria. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 linasema taka ni kitu ambacho mwenye nacho anakitupa, anakusudia kukitupa, au analazimika kukitupa. Agizo lingine, la 2018, linatenga bayofueli, yaani mafuta ya maji ya vyombo vya usafiri yanayotokana na vitu vya asili ya viumbe hai, kama mimea na mabaki, na bayogesi, ambayo ina maana yake peke yake. Kwa hiyo ganda langu linajulikana ni nini tangu linapotoka jikoni mpaka linapowasha injini, na kila hatua ina wa kuulizwa.

Sasa rudini nyumbani Uganda. Tuna Sheria ya Bayofueli ya mwaka 2020, inayosimamia kuzalisha, kuhifadhi na kusafirisha bayofueli na kuichanganya na bidhaa za petroli. Sera ya nishati jadidifu ya 2007 ilikwishataja kuchanganya hadi asilimia 20. Mwenye kiwanda cha sukari na molasi yake, uji mzito unaobaki sukari ikitengenezwa, anajua pa kuanzia. Lakini lundo la maganda la soko la Kalerwe, Kampala, ni la nani? Kaka yangu aliuliza swali hilo kwenye ofisi tatu, akitaka kuchukua maganda ya soko moja atengeneze gesi ya kupikia mikahawa. Ofisi ya kwanza ikamwambia hizo ni taka, alete kibali cha kubeba taka. Ya pili ikasema anachotaka kuuza ni nishati, aende kwa watu wa nishati. Ya tatu ikamrudisha kwa ya kwanza. Miezi minane.

Najua mtakaosema nimevimba kichwa, nimeonja barafu sasa nawadharau. Nani amewadharau? Mama yangu hakuhitaji agizo la mtu. Maganda mabichi yalikwenda kwa mbuzi. Yaliyozidi alianika juu ya bati, akayachoma ndani ya pipa lililofunikwa, akatwanga ule mkaa na kuukanda kwa uji wa muhogo. Aliviringisha madonge viganjani kama anatengeneza kabalagala, vile vitafunio vya ndizi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akayapanga kwenye gunia juani. Donge moja lilikaa kwenye sigiri, jiko la mkaa, mpaka maharage yakaiva. Kwa maana ile ile ya 2008, maganda ya mama hayajawahi kuwa taka, kwa sababu hakuna aliyekusudia kuyatupa. Huyo ndiye mtaalamu ambaye sheria yetu haimtaji.

Na mwingine atasema, hao wazungu wako si malaika, wanaagiza taka za nchi nyingine wazichome. Kweli, Sweden inaagiza. Na kwa kuwa Ulaya mafuta ya kukaangia yaliyokwisha tumika, yakigeuzwa mafuta ya magari, yanaweza kuhesabiwa mara mbili kwenye lengo la nchi la nishati jadidifu, pamezuka mashaka mazito kwamba mawese mapya yanapitishwa kwa jina hilo. Jina likibeba pesa, wezi nao huja. Ila huwezi kumkamata mwizi wa kitu ambacho hukukitaja.

Msiniambie hili ni anasa ya watu walioshiba. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka za Kampala pale Kiteezi liliporomoka juu ya nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Lile lundo lilijazwa tangu 1996, na sehemu kubwa yake ilikuwa jikoni zetu: maganda, majani ya migomba, mabaki ya soko, vyote vikioza pamoja na makavera. Methani ile ile inayonipeleka kazini kila asubuhi ilikuwa inafuka pale bure, juu ya vichwa vya watoto.

Ninachotaka ni kifungu kimoja kwenye kanuni: mabaki ya soko yaliyochambuliwa ni malighafi, na ni mali ya aliyeyachambua. Mama apate risiti. Kaka apate ofisi moja, dirisha moja.

Tangi la gesi alilonunua kaka, la lita 1,000, lipo nyuma ya nyumba Walukuba. Mama anakingia maji ya mvua.