Tumwache Ayubu Alalamike

Katika misiba ya Wakristo wa kwetu kuna maneno ambayo hayakosi kusemwa kabla jeneza halijatoka nyumbani: "Kazi ya Mungu haina makosa", na jingine, "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Wanaoyasema wana nia njema, na mara nyingi ni wale wale waliokesha wakipika chai na kupanga viti. Hata hivyo, naamini kwamba maneno hayo, yakimfikia mama aliyempoteza mwanawe jana, humfunga mdomo badala ya kumfariji, kwa sababu humfanya aone kwamba kulia kwake ni kubishana na Mungu.

Lipo na la tatu, ambalo wengi hulidhania kuwa aya ya Biblia: kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Paulo hakuandika hivyo. Katika 1 Wakorintho 10 anazungumzia jaribu la kuvutwa dhambini, akitoa mfano wa Waisraeli jangwani, na kuahidi kwamba Mungu huweka mlango wa kutokea. Kuhusu mateso, mtume huyo huyo anasema jambo lililo karibu kinyume kabisa katika 2 Wakorintho 1:8, akiwaeleza ndugu habari za dhiki iliyompata katika jimbo la Kirumi la Asia: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Mzigo ulimshinda. Tumaini analolitaja katika aya inayofuata halitokani na ukakamavu wake, bali linamwelekea Mungu "awafufuaye wafu", na kwangu hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa kuwa mtu anayeambiwa kwamba anaweza kuubeba mzigo wake ameelekezwa kujitumaini mwenyewe.

Ayubu anatufundisha zaidi, ingawa mahubiri yetu humwacha kwenye sura mbili za kwanza, pale anapokubali yote kwa unyenyekevu. Katika sura ya tatu analaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake walikuwa wamekaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, na sidhani kama walifanya jambo lolote bora kuliko hilo. Walipofungua vinywa wakaanza kumtetea Mungu kwa hoja zilizonyooka, wakimtafutia Ayubu kosa lililoleta msiba wake. Mwishoni, katika sura ya 42, Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Ni kweli kwamba Mungu alikwisha kumkemea Ayubu pia kwa maneno yasiyo na maarifa, lakini tofauti iliyopo ni kubwa: rafiki walizungumza habari za Mungu, ilhali Ayubu, pamoja na hasira zake, aliendelea kuzungumza na Mungu mwenyewe. Aliyekata tamaa kabisa halalamiki mbele za Mungu, maana hana tena anayemtarajia amsikie. Ndiyo sababu naihesabu hata Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani bila neno la shukrani, kuwa sala ya mtu mwenye tumaini.

Jirani zetu wa Uganda walilipitia jambo hili mwaka 1977. Maaskofu wa Kanisa la Anglikana walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu wa askari wake, na siku chache baadaye, tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wakauawa. Serikali ilitangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Mwili wa askofu haukuletwa Kampala, bali ulipelekwa kuzikwa Mucwini, kijijini kwao upande wa kaskazini, na waumini waliokusanyika Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kianglikana jijini Kampala, walikuta kaburi lililoandaliwa likiwa tupu. Hapo Erica Sabiti, aliyemtangulia Luwum katika uaskofu mkuu, akawakumbusha maneno ya malaika kwenye kaburi la Yesu: hayupo hapa, amefufuka. Hakuwaambia kwamba Mungu amempenda zaidi, wala kwamba mauaji yale yalikuwa na kheri ndani yake. Amin alibaki madarakani kwa miaka miwili zaidi, na watu waliendelea kufa. Walichokuwa nacho waombolezaji wale ni ahadi ya ufufuo, nao waliishika bila kupewa maelezo.

Kwa hiyo nina shaka na mahubiri yanayoruka kutoka dhikini hadi ushindini kwa sadaka moja ya mbegu, ile inayotolewa kwa kutarajia Mungu aizidishe na kuirudisha. Warumi 5 inaweka saburi na uthabiti wa moyo katikati ya dhiki na tumaini, na hizo ni hatua za miaka, zisizopendeza kutangazwa jukwaani.

Lakini kusifu saburi kuna hatari yake, na hapa sitaki kupita haraka. Mwanamke anayepigwa na mumewe akaambiwa na wazee wa kanisa avumilie, kwa kuwa huo ndio msalaba wake, amedhulumiwa mara mbili. Paulo huyu anayejisifu katika dhiki aliutaja uraia wake wa Rumi ili asipigwe mijeledi, akakata rufani kwa Kaisari, na akamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mateso yanayoweza kuzuiwa yazuiwe, na ugonjwa upelekwe hospitali. Tumaini ninalolitetea ni la pale ambapo yote yamefanywa na maumivu bado yapo.

Pendekezo langu kwa sharika zetu ni dogo. Muda wa ushuhuda katika ibada hutolewa kwa aliyepona, aliyepata kazi, aliyejaliwa mtoto. Apewe nafasi pia yule ambaye bado anaumwa, asimame aseme kwamba ameomba miaka mingi na hajajibiwa, na kwamba ataendelea kuomba, kisha aketi bila mtu kukimbilia kipaza sauti ili amrekebishe.